Udongo wa Kona ya Kaskazini

Montevideo, 8 Machi 2009

Dada Mirta, na Mama uliyekaa hapo pembeni ukisikiliza,

Mama, shikamoo. Shemeji Hugo mpe salamu zake, mwambie aache nyama ya mafuta kabla tumbo halijamwachisha. Sisi huku hatujambo. Rosana anakohoa, lakini bado ananigombeza, kwa hiyo ni mzima. Mimi bado ni meneja wa teknolojia wa kampuni ya maziwa, maana yake kompyuta ikikwama katika kiwanda chochote cha nchi hii, anayelaumiwa ni mimi.

Mirta, soma yote, usiruke. Sheria ya nyumba yetu unaijua: barua hufunguliwa siku ileile inayofika, na husomwa mpaka kwenye sahihi. Mzee hakubeba mfuko wa posta miaka thelathini na moja ili barua zilale mezani kwa mwanawe.

Habari yenyewe ni hii. Kamati ya klabu ya soka ya Farolito imenikabidhi timu ya watoto wa miaka kumi na tatu, ileile aliyoifundisha Mzee mpaka alipoanguka. Nimelia kidogo chooni, msimwambie mtu. Tena si timu tu, wamenipa na mradi wa kiwanja. Tunauondoa ule udongo na matope yake, tunatandika nyasi bandia. Mvua ikinyesha watoto watacheza. Jioni tutawakodisha watu wa maofisini wanaojidai bado wana magoti, na klabu itajiendesha yenyewe. Nimeitengenezea kamati mpango kwenye kompyuta: kila kazi na safu yake, kila safu na mhusika wake na tarehe yake. Mwenyekiti aliuangalia weee, mwishoni akasema, "Nelson, hapa umebakiza kupanga tu nani apige chafya lini."

Mama, najua unachotaka kuuliza. Mzee tutamtoa kwanza pale konani alipolala. Nitakwenda mwenyewe na sepetu, Jumamosi ya tarehe 4 Aprili, katapila likiwa bado liko kwao. Halafu tutamrudisha palepale, chini ya nyasi mpya, na safari hii hatalowa.

Bendi haijafa. Tuko wanne, wote vipara kasoro mpiga ngoma, na kila Alhamisi tunafanya mazoezi ya roki katika chumba cha kubadilishia nguo pale klabuni. Majirani wanatupenda kama mtu anavyolipenda jipu.

Mwanao na mdogo wako,
Nelson


Artigas, 19 Machi 2009

Nelson,

Barua ilifika Jumanne, ikafunguliwa Jumanne. Hugo kweli anaumwa, wamesema ni mawe ya nyongo, na anaogopa kisu kama mtoto. Mama macho yake ni yaleyale, giza tupu, lakini masikio Mungu amemwongezea. Kinachomsumbua ni moyo. Daktari alizungumza nami mlangoni, kwa kunong'ona, na Mama akasema toka kitandani, "Nimesikia."

Katika kusoma, tulipofika kwenye habari za Mzee, Mama alinisimamisha, akanirudisha mara tatu. Halafu akasema niandike kama anavyotamka: "Hatua mbili ndani kutoka kwenye kibendera cha kona ya kaskazini, upande wa bomba la maji. Majivu tuliyamwaga bila chombo, Ademar mwenyewe alitaka hivyo, kwa hiyo chota udongo wote wa pale, kina cha goti. Utie kwenye lile kopo la biskuti lenye kifuniko cha buluu. Usilijaze. Acha nafasi yangu."

Umesikia, mdogo wangu? Hataki kaburi, hataki maua, hataki padri wa kutoka mjini. Anataka jambo moja, kuchanganywa naye na kurudi naye pale konani. Nimeishi na mama huyu miaka hamsini na mbili, sijamsikia akijitakia kitu. Basi fanya hivyo, uniandikie siku hiyohiyo.

Dada yako,
Mirta


Montevideo, 16 Mei 2009

Dada Mirta, Mama mpendwa,

Nisameheni kuchelewa. Mama, shikamoo tena. Hugo ameshapasuliwa, au bado anajificha? Huku baridi imeingia. Jana ilinyesha, na Rosana akakaanga torta, maandazi yetu ya siku ya mvua, kama ada, nikala saba.

Nyasi zimekuja! Mngeziona mngesema meza ya biliadi. Juzi tulicheza mechi ya kwanza na tukashinda mbili bila, mabao yote kutoka kwa kona. Mama, wale watoto bado wanafanya alichofundisha Mzee: anayepiga kona huinama kwanza akagusa chini kwa vidole, halafu ndiyo anapiga. Hawakumjua Mzee. Walirithi kwa waliowatangulia, na wale kwa wale.

Jumamosi iliyopita tulifungua kiwanja kwa muziki. Umeme uko upande wa kaskazini tu, kwa hiyo ngoma zilisimama pale konani kabisa, na mimi na gitaa langu la besi kando yake. Nikawaza, Mzee aliyekuwa akisema gitaa langu linanguruma kama friji bovu, leo hana pa kukimbilia. Watu mia tatu walikuja. Mikate ya soseji iliisha kabla ya wimbo wa nne. Kampuni mbili zimeshakodi kiwanja kila wiki mpaka Krismasi, na mwenyekiti ananiita daktari wa uchumi.

Kazini tunahamisha mitambo yote kwenda jengo jipya, sina hata nafasi ya kujikuna.

Wenu,
Nelson


Artigas, 26 Mei 2009

Nelson,

Sisi wazima.

Nilipomaliza kusoma, Mama akaniambia, "Umeruka." Nikamwapia sijaruka. Akachukua karatasi, akaipapasa pande zote mbili, kana kwamba maneno yaliyokosekana yana ncha. Umetuandikia soseji na mikate yake. Umetuandikia torta saba. Mzee hukumwandika.

Ulimtoa, hukumtoa?

Mirta


Montevideo, 7 Juni 2009

Dada, Mama,

Nawasalimu kwa adabu zote. Jamani, msinielewe vibaya, kazi zilinizidi. Mzee yuko salama. Yuko kwenye lile kopo la buluu, juu ya kabati langu la vyombo vya muziki, na halijajaa, kama Mama alivyoagiza. Nitamrudisha nyasi zikishakaa vizuri, maana fundi anasema zisifunuliwe mapema. Mama asiwe na wasiwasi kabisa.

Timu ilitoka sare.

Nelson


Artigas, 18 Juni 2009

Nelson,

Hii Mama hajui kama naiandika. Nimekaa darasani, watoto wako nje.

Katika barua ya Mei Mzee alikuwa konani akisikiliza friji lako. Katika ya Juni yuko juu ya kabati. Baba yetu alikuwa mtembeaji, miguu yake iliijua mitaa yote ya La Teja, lakini si kwa kiasi hicho, bwana wee. Mama hakushtuka, au alijifanya. Mimi nilishtuka. Amekuwa akiniuliza kila asubuhi kopo lina uzito gani.

Sasa nisikilize. Niandikie ukweli, na usiutume nyumbani. Utume hapa shuleni, kwa jina langu. Nitausoma peke yangu, na nitajua la kumwambia. Najua ni kuvunja sheria ya Mzee. Nabeba mimi.

Mirta


Montevideo, 29 Juni 2009

Mirta,

Hii ni yako peke yako. Salamu sina.

Leo tarehe ishirini na tisa, Rosana amepika nyoki za viazi kama kila mwezi na kuweka noti chini ya sahani ili bahati ije. Nimeshindwa kumeza hata moja.

Mpango ulikuwa na safu mia moja na kumi na mbili. Katapila lilikuwa lianze tarehe 13 Aprili. Mwenye malori akanipigia, akaomba tuanze mapema, amalize kabla watu hawajatawanyika kwa wiki ya mapumziko. Nikaisogeza safu ya kwanza hadi Alhamisi tarehe 2, na zilizobaki zote zikaifuata zenyewe kama bata na vifaranga wake. Nikajiona bingwa. Nikamwita mwenzangu ofisini aje aone.

Mzee hakuwa kwenye safu yoyote. Nilitaka kumwandika, Mirta. Nilikuwa nimeshaweka vidole. Lakini kuandika "kumtoa Baba" katikati ya "kukata maji" na "kuondoa udongo", kamati nzima ikisoma, niliona haya. Nikasema huyu nitamweka kichwani. Kwa hiyo kila kitu kilisogea isipokuwa yeye. Yeye alibaki Jumamosi.

Alhamisi nilikuwa kwenye kikao kutwa. Nilifika jioni kwa mazoezi ya bendi, gitaa mgongoni, nikakuta kiwanja kizima ni shimo. Niliingia na viatu vya ofisini, nikasimama mahali kona ilipokuwa. Palikuwa na mchanga wa manjano, msafi, hauna hata mzizi. Kopo halijawahi kutoka jikoni kwangu. Lina biskuti.

Halafu wenzangu wa bendi wakaniita kwa jina la ukoo, "Techera, unangoja nini?" Nikaenda. Nikapiga besi saa mbili nzima, na sikukosea hata noti moja. Hilo linanila kuliko yote.

Watoto bado wanagusa chini kabla ya kona. Wanagusa plastiki. Mimi nasimama pembeni na filimbi, naangalia.

Usimwambie Mama. Nakuomba kwa magoti. Mwambie lolote, mwambie kopo ni zito.

Nelson


Artigas, 7 Julai 2009

Nelson mwanangu,

Anayeandika ni Zulma, jirani. Maneno ni yangu.

Mirta yuko Salto hospitalini na Hugo. Wameyatoa yale mawe na anaendelea vizuri. Shule imefungwa kwa likizo. Mlinzi aliona barua ina jina la Mirta, akaileta nyumbani, mtu mwema. Zulma akasema tuiweke mpaka mwenyewe arudi. Nikamwambia katika nyumba hii barua hailali.

Alisoma yote. Alipoanza kulia nikamwambia aendelee, hatujafika kwenye sahihi.

Nina swali moja. Malori yalielekea wapi?

Na timu ilishinda au ilifungwa? Hukuandika.

Mama yako,
Elida


Montevideo, 9 Agosti 2009

Mama,

Sijui nianze vipi. Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Timu ilifungwa. Imefungwa mara nne mfululizo.

Nimemtafuta mwenye malori mwezi mzima, maana simu yake ya zamani haipatikani. Kwenye mpango wangu nina jina la kiwanda cha nyasi, nina rangi ya uzi uliozishona, nina namba ya kila mkunjo wa plastiki. Udongo ulikwenda wapi sikuuliza, kwa sababu udongo ulikuwa takataka. Anaitwa Baltasar. Nilimpata kwenye mnada wa mabati akinywa chai yake ya mate kwa mrija. Akaniuliza, "Kwani mliacha nini humo, bosi? Bomba?" Nikamwambia, "Baba yangu." Akavua kofia. Akaanza kuzikumbuka safari za malori, moja moja.

Asubuhi ile walianzia upande wa kaskazini, hilo ana hakika nalo. Safari za kwanza zilikuwa tatu. Moja ilikwenda kujaza kiwanja cha kituo cha mafuta, barabara ya uwanja wa ndege. Moja ilikwenda kwenye shimo la tanuri la matofali la zamani, huko Colón. Moja ilimwagwa ukingoni mwa kijito cha Pantanoso, pale palipokuwa pamebomoka. Ipi ilibeba kona, hajui. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa ukali. Hajui, Mama.

Nisamehe. Najua halitoshi hilo neno.

Nelson


Artigas, 31 Agosti 2009

Nelson,

Mama alifariki Jumapili ya tarehe 23, saa nne asubuhi, akiwa na akili zake zote. Sikukupigia simu. Ungekuja, na nisingeweza kukutazama usoni.

Barua yako nilimsomea mimi, siku ileile iliyofika. Nilipomaliza akasema, "Rudia zile sehemu." Nikarudia. Akazihesabu kwa vidole juu ya shuka. Kituo cha mafuta. Tanuri. Kijito. Akasema, "Basi nigaweni mara tatu."

Nikamwambia, Mama, pale pa mafuta wameshamwaga zege. Akanikata: "Nimesema mara tatu. Moja itamkuta."

Kesho yake wakati namwogesha akaniambia na hili, na nakuandikia kama alivyolitamka: "Mwambie Nelson safari hii aniandike kwenye ile orodha yake. Asiniweke kichwani."

Hakukulaani. Ungefurahi kama angekulaani, nakujua. Hakusema la ziada. Alikula supu, akauliza kama kunanyesha.

Nimekutumia mifuko mitatu ya majivu yake kwa mizigo ya basi. Niliyagawa mwenyewe kwa kikombe, kwenye meza ya jikoni, Hugo akiwa amenishikia taa ingawa ilikuwa mchana. Kachukue kituoni Tres Cruces, beba na kitambulisho.

Mimi ndiye niliyekwambia uandike shuleni. Kila usiku nalala na hilo, naamka nalo. Ningekuacha uendelee kudanganya, angekufa akiliwaza kopo lake. Sikudai tena kitu, Nelson, na wewe usinidai.

Mirta


Montevideo, 15 Novemba 2009

Dada Mirta,

Shikamoo. Simu hupokei. Hugo amemwambia Rosana kwamba mpo, mnaendelea. Nasi tupo.

Niliufungua ule mpango wa zamani. Chini ya safu ya mia moja na kumi na mbili nikaongeza tatu. Kazi: kumpeleka Mama. Mhusika: mimi. Tarehe: Jumatatu ya 2 Novemba, siku ya marehemu, maana wengine nao wangekuwa wanakwenda kwa watu wao. Niliyaandika yote, Mirta, kwa herufi kubwa, na nikautuma mpango kwa kamati nzima. Hakuna aliyejibu.

Kituo cha mafuta ni zege ukutani mpaka ukutani, hakuna hata penye kuota jani. Nilimmwaga kando ya mashine ya kujazia upepo. Kabla sijanyanyuka, binti mmoja wa pale, mwenye sare, akaja na mpira wa maji. "Samahani, mzee wangu, msimamizi hapendi vumbi." Akaosha. Alikuwa na adabu, hata alinisogeza pembeni ili viatu vyangu visilowe. Sikumwambia.

Tanuri la Colón, lile shimo halipo. Juu ya udongo wetu wamemwaga kifusi kingine, na juu yake kingine, kimenizidi urefu. Magodoro, vigae, choo kizima cha kukalia. Nilipanda mpaka nilipoweza, nikamweka kati ya mawe mawili.

Ukingo wa Pantanoso umebomoka tena kwa mvua za Septemba. Ulichukuliwa wote. Nilimmwaga hata hivyo. Maji yale ni meusi na mazito, hayaendi. Alikaa juu yake, mbele ya miguu yangu, na mimi nikawa namwambia, nenda Mama, nenda. Ilinichukua muda kuelewa kwamba haendi.

Timu nimeiacha. Mwezi Oktoba mtoto mmoja aliniuliza, "Kocha, kwani hapa huwa tunagusa nini?" Nikamjibu ni desturi tu. Baada ya hapo sikuweza tena kusimama pale. Bendi imepata mpiga besi mwingine, kijana, na kusema kweli ananizidi. Kiwanja kimejaa. Kimekodiwa kila saa mpaka Machi, na kamati inataka kuning'iniza picha yangu karibu na ya Mzee. Nimewaomba wasithubutu.

Jioni ile nilirudi nikafungua kompyuta nizifunge zile safu. Programu ina maneno matatu tu ya kuchagua: haijaanza, inaendelea, imekamilika. Nilikaa mbele yake mpaka Rosana akaja kuzima taa ya sebuleni. Nikachagua imekamilika, mara tatu. Safu zikageuka kijani. Mpango wote sasa ni kijani, toka juu mpaka chini.

Sitaki unijibu kama huwezi. Nimebakiwa na ombi moja. Tumebaki wawili tu tulioijua sheria ya nyumba ile. Barua hii ikifika, ifungue siku hiyohiyo.

Mdogo wako,
Nelson


(Mhuri mwekundu juu ya bahasha, na mwandiko wa kalamu ya posta:)

Artigas, 4 Desemba 2009. Imekataliwa na mpokeaji. Haikufunguliwa. Irudishwe kwa mtumaji.